Shilingi ya Kufungua Mlango

Zubeir alikuwa na kinyaa na vidole vya watu. Si kwamba alijiona msafi kuliko wenziwe, la. Kidole kina jasho, jasho lina chumvi, na chumvi ikikaa juu ya fedha humla mfalme mashavu na simba manyoya. Mtu akiingia dukani kwake mjini Malindi, duka la kanga na vikoi, akaomba aonyeshwe zile sarafu alizosikia habari zake, Zubeir humwambia kwanza, "Mikono nyuma, yakhe." Ndipo huinama chini ya meza, akafungua sanduku la chuma, akatoa albamu yake.

Humo mlikuwa na shilingi za simba. Wazee wanazikumbuka. Ndizo zilizotumika zamani za Mwingereza, kutoka pwani mpaka Kampala: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Zile za mwanzo zilitiwa fedha, robo fedha na iliyobaki madini mengine. Baada ya vita vya pili vya dunia fedha ikaondolewa, ikatiwa nikeli. Simba akabaki yule yule na mlima ule ule, lakini kwa mkusanyaji kama Zubeir tofauti yake ilikuwa ya mbingu na ardhi.

Alizithamini kwa kioo cha kukuzia, akizishika ukingoni kwa ncha za kucha. Hutazama manyoya ya shingo ya simba: yakionekana moja moja, bei hupanda, yakiwa yamelainika kama sabuni ya juzi, hushuka. Sarafu iliyosuguliwa kwa majivu au ukwaju ili ing'ae aliiita maiti. Na iliyotobolewa tundu hakuitazama mara mbili. "Hii si sarafu tena," humwambia aliyeileta. "Hiki ni kifungo cha koti."

Albamu ilikuwa na mfuko mmoja kwa kila mwaka wa shilingi ya fedha, na kwa miaka mingi mfuko wa 1923 ulikuwa mtupu. Za mwaka ule zilitengenezwa chache, na zilizosalia nyingi ziliishia kwa masonara, zikayeyushwa zikawa bangili. Mwaka uliopita ndipo akaipata kwa mjane mmoja wa Mombasa, safi, manyoya ya simba yamesimama kama yamechanwa jana. Ili aipate aliuza nakala zake zote za ziada, akabaki na moja moja tu. Siku aliyoitia mfukoni mwake, alifunga duka adhuhuri, akaketi peke yake, akafungua na kufunga albamu kama mtoto anayechezea mlango.

Watu walimuuliza kwa nini anajisumbua na vyuma vya wakoloni. Jibu la kweli lilikuwa bibi yake. Siku ya Idd bibi yake alikuwa akifungua fundo la pindo la kanga, akatoa shilingi moja ya simba, akampa yeye na dada yake Saida. Moja kwa wawili. Nao walipatana: Zubeir aichukue kutoka mlangoni mpaka kwenye kona ya msikiti, na kutoka kona ile mpaka kwa muuza kashata achukue Saida. Ikifika mkononi mwa Saida huwa moto. "Umeipika!" Saida husema, akicheka, akaifumba. Kisha shilingi huingia katika kopo la muuza kashata, ikalia ndani, basi. Zubeir hakujua, na sasa hakuna wa kumwambia, kama zile shilingi za Idd zilikuwa za fedha au za nikeli.

Saida alifariki mwanawe, Zuhair, akiwa na miaka minane. Zubeir akamlea. Zuhair akasoma, akapata kazi ya usimamizi katika mashamba ya chumvi ya Marereni, na huko njiani, katika kwenda na kurudi, akampata Fahima wa Mambrui.

Jumatano, harusi ikiwa Ijumaa, Zuhair aliingia dukani, akaondoa viatu, akakaa juu ya robota la vikoi.

"Sema," Zubeir akamwambia. "Mtu hakai juu ya mali yangu bure."

"Mjomba, kuna jambo la kifungua mlango."

"Si tulishatenga hiyo ada? Zile noti ziko ndani ya bahasha, nimezinyoosha kwa pasi."

"Bibi yake Fahima hataki noti. Bi Kibibi anasema mlango wa nyumba ile tangu zamani hufunguliwa kwa shilingi ya simba, na iwe ya fedha. Mwaka juzi kuna kijana alitaka kutuma pesa kwa simu. Walimwacha barazani mpaka akalia."

"Alilia kweli?"

"Fahima anasema alipenga kamasi."

Zubeir alicheka, kisha akatazama sanduku chini ya meza. "Na ikishafungua mlango? Inarudi?"

"Hairudi. Wanaitoboa, wanaitia uzi, biharusi anaivaa shingoni. Anaivaa maisha yake yote." Zuhair akainua macho. "Mjomba, sikutaka kukuomba. Najua zilivyo kwako. Lakini mimi nitaipata wapi?"

"Nani kakwambia uniombe? Utakuwa nayo Ijumaa," Zubeir akasema. "Nenda kanyoe."

Alhamisi kutwa alizunguka. Sonara wa kwanza alimwambia za fedha ameziyeyusha siku nyingi. Wa pili alimwonyesha bangili, akasema, "Hizi hapa shilingi zako, zitambue." Wauzaji wa vinyago kando ya bahari walikuwa na kopo zima la shilingi za simba, na zote zilikuwa za nikeli. Alirudi dukani miguu imevimba, akafungua albamu. Ya 1944 ilikuwa ya kawaida, angeweza kupata nyingine baada ya mwezi au miwili. Aliishika ukingoni, akaitoa nusu. Mfuko ule ukaanza kumtazama kama pengo la jino. Miaka yote ile, na mwaka mmoja tu wa kuiona albamu imetimia. Akairudisha.

Usiku hakuwaza sana. Aliamua tu, kama watu wanavyoamua jambo wasilotaka kulitazama usoni. Katika droo ya meza mlikuwa na shilingi ya 1952, ya nikeli, inang'aa. Simba ni simba. Wanawake wa Mambrui watajuaje?

Ijumaa Katana alikuja na gari. Katana alikuwa mkulima wa Jilore, rafiki yake tangu ujana. Ndiye aliyemletea sarafu yake ya kwanza, iliyofukuliwa na jembe kwenye mihogo. Nyumba ya Zubeir ilikuwa imejaa wageni na watoto wanaofungua kila kinachofunguka, kwa hiyo albamu alikuwa ameifungia katika sanduku la dukani. Ila ya 1923 hakuiamini hata kwa kufuli. Aliifunga katika pamba na kijibahasha, akaitia mfuko wa kanzu, upande wa moyo.

"Mbona wajishikashika kifua?" Katana akamuuliza walipovuka daraja la Sabaki. "Wewe ndiye bwana harusi?"

"Endesha."

"Au ni ugonjwa? Sema mapema, nisije nikazika mtu na mimi nimekuja kula pilau."

Zuhair, aliyekaa nyuma na kilemba kimemkaba, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Zubeir akampa ile ya 1952, imefungwa katika kitambaa cha hariri. Kijana aliipokea kwa mikono miwili. "Mjomba," alisema. Zubeir akageuza uso, akatazama mto.

Nikahi ilifungwa msikitini Mambrui baada ya alasiri. Kisha wanaume wakamsindikiza Zuhair mpaka nyumba ya Bi Kibibi, nyumba ya mawe yenye baraza mbili na mlango wa mbao uliochakaa kwa chini. Mlango ulikuwa umefungwa. Nyuma yake kulikuwa na vicheko, udi na mlio wa bangili.

"Nani huyo?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Ni mimi, Zuhair."

"Zuhair ni wengi. Kuna mmoja hapa huuza maji."

"Wa Fahima."

"Fahima hatumjui! Hapa tuna binti mfalme tu."

Vigelegele. Katana akapiga paja lake kwa furaha. Kisha sauti nyingine, ya zamani, yenye mikwaruzo, ikasema, "Leta tusikie," na kelele zote zikakatika mara moja, kama mtu kafunika chungu.

Zubeir hakuielewa ile "tusikie" mpaka alipokuwa keshachelewa. Zuhair alipiga goti, akapitisha shilingi chini ya mlango. Ndani ikaokotwa. Kukawa kimya kabisa, hata watoto. Kisha shilingi ikaangushwa juu ya kizingiti cha jiwe.

Tak.

Mlio mkavu, kama kokoto. Ikaangushwa tena. Tak. Ndani mtu akaguna, mwingine akasema "Haa!" na ile sauti ya zamani ikasema taratibu, "Baba, hii haina roho."

Shilingi ikarudi chini ya mlango, ikazunguka, ikalala miguuni mwa Zuhair.

Zuhair aliiokota, akamgeukia mjomba wake. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa na mashaka tu, ya mtu anayedhani amekosea yeye. "Labda sikuipitisha vizuri," alisema. Na hilo lilimwuma Zubeir kuliko tusi.

"Bwana harusi kaja na bati!" mwanamke mmoja akaimba ndani, na wenziwe wakadakia:

"Bati la kuezekea!"

"Aezeke kwao!"

Katana akamvuta Zubeir pembeni, nyuma ya baraza. "We Zubeir. Uliijua?"

Zubeir akatazama viatu vyake.

"Uliijua. Mtu anayeweza kukwambia mwaka wa shilingi kwa kuinusa!" Katana akatikisa kichwa. "Basi panda gari. Twende Malindi, ufungue sanduku lako, tuchukue nyingine yoyote."

Zubeir alitazama jua. Kwenda na kurudi, na barabara ya Ijumaa, magharibi ingewakuta daraja la Sabaki. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Na adhana ya magharibi ikiadhiniwa mlango haujafunguka?"

Mzee mmoja wa hapo aliyekaa barazani akamjibu, "Bwana harusi hurudi kwao, aje kesho. Imetokea mara moja, nikiwa kijana. Yule bwana mpaka kufa kwake aliitwa Njoo Kesho. Na wanawe wakaitwa hivyo."

Mkono wa Zubeir ulikuwa kifuani. Hakukumbuka kuupeleka.

Katana aliuona. Alifungua mdomo amtanie, akaufunga. "Ndiyo hiyo?" aliuliza. "Ile ya mjane?"

"Ndiyo."

"Basi twende Malindi. Nitaendesha kama mwizi."

Zubeir alimtazama Zuhair. Kijana alikuwa amesimama mbele ya mlango peke yake, amefumba mkono juu ya ile shilingi ya nikeli, kidole gumba juu, vidole vimeikaza. Hivyo hivyo ndivyo Saida alivyofumba. Hakuna aliyemfundisha, mama yake alimwacha mdogo mno. Zubeir aliona mkono wa dada yake pale, mwisho wa kanzu ya mwanamume, ukiwa umeshika kitu kisicho na thamani na kukilinda.

Akatoa kijibahasha, akafungua pamba. Kwa mara ya kwanza tangu aipate, aliishika ile shilingi kwa kiganja kizima.

"Ondoka hapo," alimwambia Zuhair. Alipiga goti mwenyewe, magoti yakalia kuliko mlango, akaipitisha chini.

Ikaokotwa. Kisha ikaangushwa.

Haikusema tak. Ililia, nyembamba na ndefu, ikaruka ikalia tena, na Zubeir, aliyeziweka miaka yote katika mifuko ya plastiki, akatambua kwamba tangu utotoni hakuwahi kuisikiliza hata moja.

"Hii ndiyo," ikasema sauti ya Bi Kibibi. "Hii yasema."

Vigelegele vikapasuka, komeo likavutwa. Lakini kabla mlango haujafunguka, Zubeir alisikia mwanamke akisema, "Leteni msumari," na mwingine, "Na nyundo iko wapi? Si ilikuwa hapa?"

"Bi Kibibi!" aliita, uso umekaribia mbao. "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Nani tena?"

"Mimi mjomba wake mvulana. Zubeir. Mama, nakuomba… hiyo shilingi ni ya 1923. Zimebaki chache sana. Ikitobolewa haina bei tena."

"Haina bei?" Alisikika akicheka. "Mwanangu, hapa twauza nini?"

Wanawake wakacheka naye. Zubeir aliweka paji la uso juu ya mlango. Alijua angeweza kuahidi nyingine kesho, hata mbili. Walikuwa watu waungwana, huenda wangekubali. Maneno yalikuwa ulimini. Nyuma yake Zuhair alikuwa anasubiri, hajui thamani ya kilichopita chini ya mlango, na pengine asingejua kamwe.

"Basi mama," alisema, "mwaitoboa vipi?"

"Twaitoboa kwa msumari, tutaitoboaje? Popote msumari utakapokaa."

"Popote?" Sauti ilimpanda. "Si popote! Ukiipiga katikati wampasua simba mgongo. Ukiipiga pembeni mno, itakatika, uzi utaiachia. Nani anaipiga?"

"Mimi hupiga. Lakini macho yangu, baba, yamebaki ya kutazamia mlango tu."

"Niipige mimi basi. Nipeni msumari."

Kukawa na mnong'ono. Mwanamume kuingia kabla ya bwana harusi lilikuwa jambo geni, na mwanamke mmoja alisema haijapata kutokea. "Imetokea leo," Bi Kibibi akamkata. "Jifunikeni apite."

Mlango ulifunguliwa kiasi cha bega. Zubeir akaingia ukumbini. Ndani kulikuwa na giza la ubani, na wanawake wamejipanga ukutani wamejitanda kanga. Fahima alikuwa ameketi juu ya mkeka, uso umefunikwa, mikono ya hina juu ya magoti. Bi Kibibi, mwembamba, mwenye kipini puani, alikuwa kwenye kigoda, na mbele yake kinu kilichopinduliwa. Shilingi ilikuwa juu yake, simba ametazama juu.

Zubeir alikaa chini. Hakuwa na kioo chake, na hakukihitaji. Ile sarafu aliijua kama anavyoijua sura yake. Alitafuta kipande cha anga, kati ya kilele cha mlima na maandishi, pale ambapo msumari ungepita bila kugusa kitu kilicho hai. Akausimamisha. Msumari ukateleza.

"Polepole, Mjomba," ikasema sauti ndogo chini ya mtandio. "Hakuna anayetufukuza."

Alivuta pumzi, akausimamisha tena, akapiga. Mara ya kwanza iliacha kidonda tu. Alipiga tena kwa nguvu, akahisi chuma kikikubali. Ya mwisho ikapita mpaka kwenye mti wa kinu. Alipoinua kichwa, jasho lilikuwa likimtiririka, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimeacha alama juu ya fedha.

Bi Kibibi alitia uzi mweusi kwa kupapasa, akafunga fundo, akamvalisha Fahima shingoni. Zubeir akaona jinsi alivyoiweka: uso wa mfalme ndani, juu ya ngozi, simba nje.

"Hivyo ndivyo inavyovaliwa?" aliuliza.

"Hivyo, siku zote."

"Lakini jasho litamla mfalme."

"Ndiyo," akasema Bi Kibibi. Alitia mkono ndani ya ukosi wa dera lake, akavuta uzi wake mwenyewe, akamwekea shilingi kiganjani, bado ina joto la kifua. Simba alikuwa amesimama mbele ya mlima wake, amefifia lakini yuko, kichwa juu. Zubeir akaigeuza. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Si taji, si pua, si herufi moja. Fedha tupu, laini kama ndani ya ukucha.

"Mimi kumfuta huyo mfalme kulinichukua mpaka mtoto wangu wa nne," akasema bibi kizee. "Shangazi yangu alimmaliza upesi zaidi. Yeye alikuwa akilima."

Zubeir akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na mfalme, akarudia, akarudia tena. Kisha alicheka, kicheko cha tumbo kilichowashtua wanawake wote ukutani, akamrudishia Bi Kibibi shilingi yake, akasimama kwa kushikilia kinu.

"Zuhair!" aliita kuelekea mlangoni. "Ingia, baba. Ingia ndani."